Bima ya nyumba imepanda: tubaki au tuhame?

Swali: Shikamoo. Mimi na mume wangu tunaishi Leicester, Uingereza, kwenye nyumba ya vyumba vitatu tuliyonunua kwa mkopo wa benki. Bima ya jengo na vitu vya ndani tumekata kwa kampuni moja, huu mwaka wa sita, na hatujawahi kudai fidia. Mwaka jana tulilipa pauni 318. Juzi wameandika kwamba mwaka huu ni pauni 412, au pauni 38 kila mwezi, na tusiposema kitu watakata wenyewe benki. Wifi yangu kanionyesha kwenye simu yake bima ya pauni 189. Mume wangu anasema tubaki, kwa kuwa hawa wanatujua. Desemba tunakwenda Tanga wiki saba. Dhahabu zangu za harusi zimo kabatini, na Ramadhani huwa napika sambusa za oda. Tufanyeje?

Jibu:

Marahaba, dada.

Nianze na la shemeji, kwamba mbaki kwa sababu mnajulikana. Kampuni ya bima inachokijua ni anwani yenu, umri wa jengo na kwamba hamjadai. Hayo kampuni nyingine yoyote itayajua ndani ya dakika kumi mkijaza fomu yake. Hakuna karani anayekaa mahali akikumbuka kuwa nyinyi ni watu wa siku nyingi.

Tena zamani kukaa sana ndiko kulikowaumiza watu. Mteja mpya alivutwa kwa bei ya chini, kisha kila mwaka akaongezewa kidogo kidogo, kampuni ikijua kwamba wengi hawahami. Septemba 2018 Citizens Advice, shirika la Uingereza linalowashauri raia bure, lilipeleka malalamiko rasmi kuhusu jambo hilo. FCA, mamlaka inayosimamia mwenendo wa kampuni za fedha na bima huko, ikachunguza bima za nyumba na za magari, ikakuta wateja kama milioni 6 wanalipa bei ya juu kupita kiasi. Lau wangetozwa bei ya wastani kwa hali zao, mwaka 2018 peke yake wangebaki na pauni bilioni 1.2 mfukoni. Kuanzia tarehe 1 Januari 2022 mchezo huo ukapigwa marufuku. Sasa unapohuisha bima ya nyumba, kampuni hairuhusiwi kukutoza zaidi ya ambavyo ingemtoza leo mteja mpya mwenye hali kama yako, aliyekuja kwa njia ileile uliyokuja nayo wewe.

Watu wengi waliposikia hivyo wakalegea, wakaona hakuna haja tena ya kuzunguka kuuliza bei. Hapo ndipo wanapokosea. Kanuni hii inaizuia kampuni kukubagua wewe na mgeni wake. Haiizuii kuwa ghali kwenu nyote wawili. Kampuni yako inaweza kumtaka mgeni pauni 412 na wewe 412, sheria ikatimia, huku jirani yake anauza bima ya namna hiyohiyo kwa bei pungufu. Kila kampuni ina hesabu zake: moja imechoshwa na madai ya mabomba yaliyopasuka katika mitaa yenu, nyingine mwaka huu inawania wateja wa nyumba za vyumba vitatu. Wewe hutaziona hesabu hizo, utaziona bei tu. Kwa hiyo jibu langu fupi ni kwamba zungukeni, na mfanye hivyo kila mwaka.

Ila hiyo pauni 189 ya wifi tuitazame kwanza, maana bei ya bima haina maana mpaka ujue imefunika nini. Kwenye swali lako umenitajia mambo matatu ambayo fomu ya haraka ya kwenye simu huyapita bila kuyagusa.

La kwanza ni safari ya Tanga. Wiki saba ni siku 49. Karibu kila hati ya bima ya nyumba Uingereza ina kipengele cha nyumba iliyoachwa bila mtu, na kwa kampuni nyingi kikomo ni siku 30 au siku 60 mfululizo. Kikomo kikipita, huondolewa mambo yaleyale unayoyaogopa ukiwa mbali: wizi, uharibifu wa makusudi, na maji yanayovuja kwenye mabomba. Nanyi mnaondoka Desemba, wakati wa baridi, ambapo maji huganda ndani ya bomba, bomba linapasuka, na barafu ikiyeyuka maji yanamwagika siku nzima bila mtu wa kufunga koki. Bima ya siku 30 kwenu ina pengo la siku 19. Ya siku 60 inawatosha. Hata hiyo ya 60 isome vizuri, kwani baadhi huweka sharti kwamba katika miezi ya baridi uache hita ikiwaka kwa kiwango fulani cha joto, au ufunge maji kwenye koki kuu na kuyatoa mabombani. Kama mna ndugu Leicester, mpeni ufunguo apite kila wiki. Lakini msidhani kupita kwake kunaifanya nyumba ihesabiwe kuwa ina mtu. Kampuni nyingi hutaka mtu aliyelala humo, wala si aliyechungulia. Ulizeni.

La pili, dhahabu. Hapa ndipo familia za pwani zinapoumia kuliko wengine, kwa kuwa fomu zile zimetungwa na watu ambao akiba yao iko benki, haiko kabatini. Bima ya vitu vya ndani huwa na vikomo viwili kwa vitu vya thamani. Kimoja ni cha vyote kwa pamoja, kingine ni cha kitu kimoja kimoja, na hiki cha pili mara nyingi hucheza kati ya pauni 1,000 na 2,000. Mkufu wako ukiwa na thamani ya pauni 3,500 na hukuutaja kwa jina, ukiibwa utapewa kikomo, basi. Chochote kinachozidi kikomo kinatakiwa kiorodheshwe peke yake na thamani yake. Thamani yenyewe iwe ya leo, si ya risiti ya mwaka mliooana: bei ya dhahabu imepanda mno, na Machi 2025 wakia moja ilivuka dola 3,000 kwa mara ya kwanza. Nenda kwa sonara anayetoa cheti cha tathmini, piga picha kila kipande, na nakala uzihifadhi nje ya nyumba, kwenye barua pepe kwa mfano. Kisha jiulize kama utaivaa Tanga. Ukivaa, unahitaji kile kipengele cha vitu vinavyotoka nje ya nyumba, na uhakikishe kinafika ng'ambo na kwa siku ngapi kwa mwaka. Hati nyingine zitakulipa ukipoteza bangili Birmingham lakini si Tanga.

Binafsi ningekuambia hata hili: kama kuna vipande ambavyo huvivai ila siku ya kupamba harusi, linganisha gharama ya kuvitaja kwenye bima na gharama ya kukodi sanduku la amana. Wakati mwingine sanduku ni rahisi zaidi, na bima ya nyumba nayo inashuka.

La tatu ni sambusa, na hili usilifiche hata kidogo. Fomu itauliza kama nyumba inatumika kwa biashara. Kazi ya mezani na kompyuta kampuni nyingi hazijali. Kupika kwa kuuza ni jambo jingine, kwa sababu ya sufuria la mafuta ya moto. Huenda wakaongeza kidogo, huenda wasiongeze kitu, na wengine watakataa, basi unakwenda kwa mwingine. Ukinyamaza, sheria ya mwaka 2012 inayohusu maelezo wanayotoa wateja wa bima ndiyo itakayoamua. Ikithibitika kwamba ulidanganya kwa makusudi, kampuni inaweza kuufuta mkataba wote na kutolipa chochote. Ikiwa ni uzembe tu, hukusoma swali vizuri, wanapiga hesabu: kama ulilipa pauni 200 na ungesema ukweli wangekutoza 300, basi fidia yako itakuwa theluthi mbili. Jiko limeungua kwa hasara ya pauni 15,000, unapewa 10,000. Na kama wangejua ukweli wasingekukatia bima kabisa, wana haki ya kukurudishia ada yako na kukuacha na majivu.

Sasa jengo lenyewe. Wengi hukatia bima bei waliyonunulia nyumba, na hilo ni kosa, kwani katika bei ile umo uwanja, na uwanja hauungui. Kinachotakiwa ni gharama ya kubomoa mabaki, kusafisha na kujenga upya. Mara nyingi huwa chini ya bei ya soko, ingawa kwa nyumba za kizamani, hasa za mawe katika miji ambako nyumba ni rahisi, inaweza kuizidi. BCIS, taasisi inayokusanya gharama za ujenzi Uingereza, ina kikokotoo mtandaoni. Siku hizi kampuni nyingi haziulizi tena. Zinaweka kikomo kikubwa cha jumla kufuatana na idadi ya vyumba. Kama kampuni yenu ya sasa inatumia kiasi mlichokitaja wenyewe mwaka wa kwanza, jueni kwamba huwa wanakipandisha kila mwaka kufuata gharama za ujenzi, na sehemu ya lile ongezeko la pauni 94 inaweza kuwa imetoka huko. Sehemu nyingine hamuwezi kuikwepa popote: kodi ya ada za bima, asilimia 12 tangu Juni 2017, imo ndani ya kila bei mtakayotajiwa.

Vitu vya ndani pitieni chumba hadi chumba na kalamu. Watu hukumbuka runinga na makochi, wanasahau mazulia, mapazia, nguo za kabati zima, vyombo, baiskeli za watoto. Usikisie.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze pesa. Tafuta kwenye karatasi zote mbili sehemu ya hasara mnayoibeba wenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Wao wameandika "excess". Imegawanyika: ile wanayokulazimisha na ile unayokubali mwenyewe ili ada ishuke. Tovuti nyingi huwa zimeshakujazia hiyo ya hiari kabla hujagusa kitu, na ndiyo siri ya bei nyingi zinazong'aa. Tuseme kwenye bima yenu ya sasa mnabeba pauni 150, na kwenye ile ya pauni 189 mnabeba 600. Ada imeshuka kwa 223, mzigo wenu siku ya hasara umepanda kwa 450. Mkikaa miaka miwili na ushei bila kudai, mmefaidika. Nyinyi mmekaa mitano na zaidi. Kwa hiyo sisemi mkatae. Kama mna pauni 600 zimekaa pembeni kwa dharura, kubeba kiasi kikubwa ni uamuzi wa busara, tena madai madogo madogo hayana faida, kwani dai la pauni 250 linaingia kwenye kumbukumbu zinazosomwa na kampuni zote na linaweza kupandisha ada zenu kwa miaka kadhaa. Kama hamna hizo 600, bima hiyo ni ya mapambo. Angalieni pia maji yanayovuja na kutitia kwa ardhi: hivi viwili mara nyingi vina kiwango chake, na kwa kutitia pauni 1,000 ni jambo la kawaida.

Kuhusu malipo ya mwezi, 38 mara 12 ni 456. Mnaongeza pauni 44 kwa kukopeshwa ada yenu wenyewe, maana kulipa kwa mwezi ni mkopo wenye riba. Mkiweza, lipeni mara moja. Mkishindwa, linganisheni jumla ya mwaka, si ya mwezi.

Jinsi ya kuzunguka kwenyewe si kazi kubwa. Anzeni wiki tatu hivi kabla bima haijaisha, kwani anayekuja siku ya mwisho mara nyingi hukuta bei imepanda. Chukueni tovuti mbili za kulinganisha bei, si moja, kwa kuwa hazina kampuni zilezile wala mikataba ileile: Compare the Market, MoneySuperMarket, GoCompare na Confused.com ndizo kubwa. Hizo si mashirika ya hisani. Hulipwa na kampuni unayoishia kununua. Jazeni majibu yaleyale neno kwa neno, na pale palipojazwa tayari pasomeni, hasa aina ya kufuli za milango na mwaka wa kujengwa nyumba. Zipo pia kampuni zisizoonekana humo kabisa, kama NFU Mutual, ambazo mnazipigia wenyewe. Na kwa hali yenu, mwenye dhahabu, safari ndefu na sambusa, ningempigia pia dalali wa bima. Chama chao, BIBA, kina huduma ya kukutafutia wa karibu. Dalali anajua nani anakubali nini, jambo ambalo tovuti haikwambii.

Ukishapata mbili au tatu zinazofanana kwa yale tuliyosema, ipigie kampuni yenu ya sasa. Usiombe huruma. Waambie, "Nina bei hii, kwa kampuni hii, yenye siku 60 na dhahabu yangu yote imetajwa. Nyinyi mnanipa nini?" Mara kwa mara hushusha. Uwe macho hapo, maana njia rahisi ya kushusha ni kukuhamishia kwenye daraja la chini la bima yao yenye jina linalofanana. Na ukijifanya mteja mpya kwao kwa njia ileile mliyoingilia, ukaona bei ndogo kuliko 412 kwa maelezo yaleyale kabisa, waulize kwa maandishi imekuwaje, kwa kuwa ile kanuni ya 2022 inakulinda.

Mkiamua kuhama, kumbukeni kwamba bima si kama akaunti ya benki, ambayo Uingereza benki mpya hukuhamishia kila kitu. Hapa hakuna atakayewaambia wa zamani. Wasimamishe wenyewe wasikate pesa, tena mapema. Siku hizi wanatakiwa wakurahisishie. Bima mpya ianze dakika ile ya zamani inapokoma, msiache hata usiku mmoja katikati, kwani mkopo wa benki unadai jengo liwe na bima wakati wote. Benki haiwezi kuwalazimisha mnunue bima yake, ila inaweza kuuliza iko wapi. Na kama shemeji atachelewa kuamua na wakashakata hizo pauni, bado mna siku 14 za kujitoa, mkirudishiwa pesa kasoro ya siku zilizotumika na pengine ada ndogo ya shughuli.

Kitu kimoja cha kukataa moja kwa moja: yule kijana wa kwenye kundi la WhatsApp anayekata bima kwa nusu bei na kutaka utume pesa kwenye akaunti yake. Wapo wanaouza hati bandia, na hujui mpaka siku ya hasara. Jina la kampuni au dalali litafuteni kwenye rejista ya FCA, ambayo iko wazi kwa kila mtu. Kampuni halali ikifilisika, mfuko wa fidia wa FSCS hulipa asilimia 90 ya dai la bima ya nyumba. Na ikikataa dai lako, unalalamika kwao kwanza; wana wiki nane za kutoa jibu la mwisho. Usiporidhika unakwenda kwa Financial Ombudsman Service, wasuluhishi wa malalamiko dhidi ya kampuni za fedha na bima, bila kulipa chochote, ndani ya miezi sita tangu jibu hilo.

Wiki hii ningefanya mawili tu: sonara kwa ajili ya cheti, na simu kwa kampuni yenu kuuliza kikomo chao cha nyumba tupu ni siku ngapi. Simu yoyote mtakayopiga kuhusu Tanga, dhahabu au sambusa, andika tarehe, saa na jina la aliyekujibu, kisha mwombe alitume jibu lilelile kwa barua pepe. Akisita kuliandika, mhesabu kama hakulisema.